Sufu Iliyokataa Kushikana: kisa cha mwanafunzi wa felti aliyefundishwa kwa simu

Mwanafunzi wa kisa hiki ni mama wa Mombasa, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Darasa zima lilimwita Bi Mkubwa kwa kuwa alituzidi sote umri, nami nitamwita hivyo hivyo. Alijiunga na kozi yangu ya felti, yaani kitambaa cha sufu iliyoshikanishwa kwa maji, sabuni na msuguano bila kufumwa, na sanaa ya nguo, ambayo nafundisha kwa video Jumamosi alasiri, na katikati ya wiki kwa picha na sauti za WhatsApp. Hakuja mikono mitupu. Ameshona kofia za bulibuli tangu usichana wake, na mtu aliyezoea kuzungushia uzi vitundu vidogo vya kofia hahitaji kufundishwa subira. Alihudhuria kila kipindi, akaandika kila hatua kwenye daftari, akafanya zoezi kama lilivyoelekezwa. Felti yake ikakataa kushikana.

Nakichambua kisa chake kwa urefu kwa sababu aliyeshindwa hapa alikuwa mwanafunzi bora darasani. Tangu 2020, magonjwa yalipotufungia milango, kazi nyingi za mikono zimehamia kwenye simu: ususi, ushonaji, upishi, ufinyanzi. Nyingi zinafundishika vizuri tu, maana jicho linatosha kuziongoza. Felti ni kazi ya kiganja. Mwalimu wa felti anayemkagua mwanafunzi kwa kioo cha simu amenyimwa kiungo anachokitumia kupimia, na kisa cha Bi Mkubwa kinaonyesha ni kitu gani kinachoweza kushika nafasi ya kiungo hicho.

Zoezi lenyewe

Zoezi la kwanza la kozi ni picha ya ukutani ya mraba, sentimita 40 kwa 40 kabla ya kusinyaa. Chini kuna shashi ya pamba, ile ile ya kufungia vidonda inayouzwa duka la dawa, kwa kuwa imefumwa wazi na bei yake inabebeka. Juu ya shashi zinatandazwa gramu 50 za sufu iliyooshwa na kuchanwa. Tabaka la kwanza nyuzi zielekee kushoto na kulia, la pili zielekee juu na chini, na kuendelea hivyo, kila fungu likilalia mkia wa lenzake kama makuti ya paa. Juu kabisa mwanafunzi anaweka kitu cha nyumbani kwake: kipande cha kanga, lesi, uzi, utepe. Kipande cha chandarua kinafunika yote, maji ya uvuguvugu yenye sabuni yananyunyizwa, hewa inakamuliwa kwa kiganja, halafu kusugua kunaanza. Baadaye kazi nzima inaviringishwa ndani ya mkeka na kusukumwa mbele na nyuma, ikigeuzwa upande kila baada ya muda, kwa kuwa felti husinyaa zaidi kwa upande inakoviringishwa.

Mambo yakienda sawa, mraba wa sentimita 40 unarudi 30 au chini ya hapo, na shashi inajikunja vifinyo kwa sababu sufu imesinyaa na pamba haikusinyaa. Vifinyo hivyo ndivyo vinavyoipa kazi uso wake. Mtindo huu wa kuunganisha sufu na kitambaa chepesi unajulikana duniani kwa jina la nuno, na ulianza Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya Polly Stirling na Sachiko Kotaka.

Ili mtu afuate uchambuzi, ni lazima ajue kinachotendeka ndani ya sufu. Kila unywele wa kondoo wa sufu umevikwa magamba madogo yanayoelekea nchani. Ukiloweshwa kwa maji ya moto kidogo yenye sabuni kisha ukasukwasukwa, unywele huo unateleza kwa urahisi upande mmoja tu, upande wa shina lake, na magamba yanauzuia kurudi. Maelfu ya nywele zikienda hivyo, kila moja ikipenya kati ya zenzake, zinajifunga fundo ambalo hakuna mkono unaoweza kulifungua tena. Sabuni ina kazi mbili: inatelezesha, na ule ukali wake wa kialkali unaisaidia sufu kufunguka. Kwa hiyo vinahitajika unyevu, joto, sabuni na msuguano, kila kimoja kwa kiasi chake. Kimoja kikipungua sufu inabaki sufu, na kwenye kioo cha simu sufu iliyolowa inafanana kabisa na felti inayoelekea kuiva.

Jumamosi ya tatu

Wanafunzi walikuwa wametawanyika. Saa tisa alasiri ya Mombasa ilikuwa saa kumi kwa dada mmoja wa Muscat na saa saba mchana kwa kijana wa kike wa Leicester, ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Wengine walikuwa Nairobi, Dar es Salaam na Eldoret. Tulisugua pamoja. Niliona viganja vikizunguka, povu likitoka, chandarua vikiwa vimelala vizuri. Ningeambiwa nitoe alama kwa kuangalia tu, ningewapa wote alama sawa.

Muda wa kufunua ulipofika, kazi ya Bi Mkubwa iliinuka na chandarua. Sufu ilikuwa imeng'ang'ania wavu kwa juu, na kwa chini ilikuwa imelala juu ya shashi bila kuipenya, matabaka yakiachana kama yalivyotandazwa. Yule wa Leicester naye alifunua akakuta vivyo hivyo.

“Mwanangu,” Bi Mkubwa aliniambia, “mimi nimesugua mpaka vidole vimekunjamana. Hii sufu inanielea tu.”

“Pole, Bi Mkubwa. Usiitupe. Iache hapo hapo, nigeuzie kamera niione kwa ubavu.”

Hapa ndipo wengi tunaofundisha mtandaoni tunapoteleza kwenye jibu jepesi: sugua zaidi. Jibu hilo lina hatari ya pekee, kwa kuwa wakati mwingine ni la kweli. Kwa wanafunzi wengi wanaoanza, ugonjwa ni uharaka. Lakini wanawake wawili walikuwa wamefikia matokeo yale yale siku ile ile, na ilikuja kujulikana kwamba sababu zao hazikuhusiana hata kidogo. Dawa ya “sugua zaidi” isingemponya hata mmoja.

Wa Leicester tulimmaliza upesi. Nilimwomba asome maandishi ya pakiti ya sufu aliyoinunua huko. Ilikuwa imeandikwa kwamba inafulika kwa mashine bila kusinyaa. Sufu ya namna hiyo imepitishwa kwenye klorini ili magamba yake yaliwe, kisha ikapakwa utomvu laini juu. Ni nzuri sana kwa soksi na sweta za watoto, na kwa felti haifai kabisa, hata ukiisugua mwaka mzima. Alikuwa amenunua sufu safi ya kondoo wa merino, laini, ghali, na kila alichokiona kwa macho kilimwambia kwamba amenunua bora kuliko wenzake.

Kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki tatizo la aina hii huja kwa sura nyingine. Uzi wa kufumia unaouzwa madukani kwa jina la “wuli” mara nyingi ni akriliki, na mtu anayeukata vipande na kuutandaza atangoja felti asiione. Ndiyo maana wote nawaamuru wachome kidogo kwa kiberiti kabla ya jambo lolote. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inajizima yenyewe, na jivu lake linasagika kati ya vidole. Akriliki inayeyuka, inatiririka na kuacha kipunje kigumu cheusi.

Sufu ya Bi Mkubwa ilikuwa ile ninayowapelekea wanafunzi wa Kenya kwa basi, ya kondoo wa Corriedale wa upande wa Molo, ambayo nimeiosha na kuichana mwenyewe. Hata hivyo aliichoma, maana daktari mzuri haruki kipimo. Ilinuka nywele, ikasagika. Tukaenda mbele.

Chupa

Nilimwomba achukue chupa ya plastiki iliyo wazi, aitie maji nusu kutoka kwenye ndoo ile ile aliyokuwa akiitumia, akwangue sabuni kidogo kwa kisu aitumbukize, afunge kifuniko, atikise kwa nguvu, kisha aiweke chupa mbele ya kamera asiiguse. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa maji ya mvua ya tangi langu. Chupa yangu ilijaa povu jeupe mpaka shingoni na likakaa. Yake ilitoa mapovu makubwa machache yaliyopasuka wakati tukiyatazama, na yale maji yaligeuka maziwa, yenye vipande vyembamba vyeupe vikielea ndani kama utando.

Ndiyo maji ya kisima cha nyumbani kwao.

Mtu asiyeishi Mombasa huenda asielewe uzito wa jambo hili. Maji ya bomba hayatoki kila siku, na nyumba nyingi zinategemea visima ambavyo maji yake yana chumvi. Maji ya kunywa yasiyo na chumvi yananunuliwa kwa mtungi kutoka kwa watu wa mikokoteni. Bi Mkubwa, kwa akili ya mama mwenye nyumba, alihifadhi maji ya mtungi kwa chai na wali, na kazi ya sanaa akaipa maji ya kisima. Nani angemlaumu? Maelekezo yalisema “maji ya uvuguvugu yenye sabuni,” naye akatia sabuni na akayapasha moto.

Maji yenye chumvi na madini hayaipi sabuni nafasi ya kufanya kazi. Madini yanaikamata, yanaigeuza ule utando mweupe, na utando unaishia kwenye nyuzi. Alipoona povu halitoki alifanya ambalo yeyote angefanya, akaongeza sabuni, na kila alipoongeza aliongeza utando. Lile povu nililoliona kwenye kioo lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa linaelea juu ya chandarua. Ndani, kwenye sufu, nyuzi zilikuwa zimegandana kwa masazo ya sabuni, na hakuna unywele uliokuwa ukisafiri popote.

Nilimshauri aisuuze kazi yote kwa maji ya mtungi yenye vijiko viwili vya siki, kwa kuwa siki inaondoa masazo ya sabuni, kisha aanze upya kwa maji ya mtungi na sabuni kidogo ya zeituni. Hakuna aliyelazimika kununua lita nyingi. Zoezi la sentimita 40 halimalizi ndoo ndogo, na wakati wa mvua mtu anakinga. Juma lililofuata aliniletea picha mpya ya chupa. Povu lilikuwa limesimama.

Sabuni ya unga nayo nimeikataza kwa wote. Baadhi yake ina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, na sufu ni protini kama damu na mayai. Nyingine inatoa povu jingi mno, na nyuzi zinazoelea ndani ya povu hazikutani.

Uzito wa kiganja

Maji yaliponyooka, shashi ilianza kushika, lakini polepole kupita kiasi. Ukiinama kuitazama kwa mwanga, aliniambia, unaona vinywele vichache tu vimetokeza upande wa pili. Hapa palinipa tabu zaidi kuliko maji, kwa sababu maji yana kipimo cha chupa na nguvu ya mkono haina.

Mikono ya Bi Mkubwa kwenye video ilikuwa ikizunguka kwa kasi ile ile ya mikono yangu. Alikuwa ameiga kila kinachoonekana. Kinachoonekana kutoka kwa kamera iliyoning'inizwa juu ya meza ni mwendo: duara, kasi, njia. Mkandamizo hauonekani, maana kamera ya juu inaulaza mkono bapa. Kiganja kinachopapasa na kiganja kinachobeba uzito wa bega vina sura moja.

Nimefikiria sana jinsi watu walivyojifunza kazi hii kabla yetu. Wakirgizi wa Asia ya Kati, ambao mazulia yao ya felti, ala-kiyiz na shyrdak, yaliingizwa na UNESCO mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hutandaza sufu juu ya mkeka wa matete, wakaumwagia maji ya moto, wakauviringisha kama gogo na kuusukuma wakiwa wengi kwa pamoja. Binti anayejifunza anashika gogo lile lile ambalo mama na shangazi zake wamelishika. Haelezwi nguvu kiasi gani. Anaisikia inapita kwenye gogo na kuingia mikononi mwake, na akisukuma kidogo kuliko wenzake gogo linakwenda upande na kila mtu anajua. Mafunzo ya mtandaoni yanamweka kila mwanafunzi peke yake na gogo lake. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, na hakuna kamera bora itakayoirudisha, hata ya bei gani.

Nilichofanya ni kutafuta mizani ya jikoni. Bi Mkubwa anayo, ya kupimia unga wa mahamri. Nilimwomba aweke sinia juu ya mizani, juu ya sinia aweke kitambaa kilicholowa, kisha asugue kama alivyozoea huku kamera ikitazama namba. Namba zilicheza kwenye gramu 150 na 200. Nikaweka mizani yangu mbele ya kamera nikasugua. Mwanzoni, wakati nyuzi bado hazijashikana na zikisukumwa zitahama, nami huwa mwepesi kama yeye. Baadaye, uso ukianza kufunga, yangu ilipanda hadi kilo moja, na mwishoni ikapita kilo mbili.

Alicheka. “Kumbe ni kama kukanda unga!” Kisha akabonyeza mpaka namba ikafika kilo mbili, akaondoa mkono, akabonyeza tena bila kutazama, akatazama, ikawa karibu hapo hapo. Mikono yake ilikuwa na ujuzi wote uliohitajika. Ilikuwa inangoja tu kuambiwa kwa lugha inayoielewa. Sijui mwalimu wa felti aliyewahi kunifundisha kwa kilo, na mwanzoni nilisitasita kuingiza mizani kwenye sanaa. Sasa siitoi. Mwanafunzi akishaipata nguvu hiyo mara mbili tatu, mizani inarudi jikoni.

Pamoja na mizani nilianza kuomba sauti. Hili nililipata kwa bahati: mtandao wa mwanafunzi wa Eldoret ulikuwa dhaifu, picha ikawa inakwama, sauti tu ndiyo inafika, na kwa sauti nikajua kazi yake imelowa mno. Sufu yenye maji mengi inalia chubwi-chubwi chini ya kiganja. Yenye kiasi chake inatoa mlio wa kukwaruza kidogo, mkavu zaidi, na ikikaribia kuiva mlio unakuwa wa kitu kimoja kinachosukumwa. Sauti ya sekunde 20 inakula bando kidogo sana ukilinganisha na video, na inaniambia mambo ambayo video ya saa mbili inayaficha.

Kanga ya marehemu

Sasa nifike kwenye jambo lililomleta Bi Mkubwa darasani tangu mwanzo. Alikuwa na kanga ya marehemu mama yake, iliyofuliwa mpaka rangi nyekundu imekuwa ya waridi iliyokolea, jina lake limefifia lakini linasomeka. Alitaka kipande cha pindo na yale maandishi viingie ndani ya felti, visikae juu kama kiraka.

Kanga haiingii kirahisi. Ni pamba iliyofumwa kwa kubana, na ikiwa mpya ina wanga wa kiwandani unaoziba hata vile vitundu vichache vilivyopo. Kipimo ninachotumia ni pumzi: shika kitambaa mbele ya mdomo, puliza, weka kiganja upande wa pili. Pumzi ikipita, sufu itapita. Melimeli inapitisha, shashi inapitisha, shifoni inapitisha, hata chandarua cha plastiki kinapitisha, kwa kuwa sufu haijali kitambaa kimetengenezwa kwa nini, inajali matundu. Kanga mpya haipitishi. Ya mama yake, kwa uzee wake, ilipitisha kidogo sana.

Nilimpa njia mbili. Ya kwanza ni kutandaza nyuzi chache nyembamba za sufu juu ya kingo za kipande, ili sufu ya juu ikutane na ya chini pembeni na kuikamata kanga katikati. Ya pili ni kukiacha kando, felti iive peke yake, kisha kukishona juu yake. Aliikataa ya pili kwanza. Aliona kushona ni kukiri kwamba kazi imeshindikana, na wengine darasani waliunga mkono.

Niliwaonyesha picha ya pazia kubwa la felti lililotoka kwenye makaburi ya Pazyryk, milima ya Altai, huko Siberia, ambalo sasa liko katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg. Lilihifadhiwa na barafu kaburini kwa zaidi ya miaka 2,000. Lina mpanda farasi mbele ya mtu aliyeketi kwenye kiti, na picha hizo ni vipande vya felti za rangi vilivyokatwa na kushonewa juu ya felti nyingine. Mafundi wale walijua felti kuliko sisi sote, na walitumia sindano bila wasiwasi. Katika sanaa hii ya kuchanganya vitu, kila kiungo kinashikwa kwa njia inayokifaa.

Bi Mkubwa hakuchagua njia yangu yoyote kati ya zile mbili. Alikaa na kile kipande jioni nzima, akachomoa nyuzi za pamba pande zote nne, moja moja, mpaka kanga ikawa na mashada ya nyuzi huru upana wa kidole. Aliyatandaza mashada yale juu ya sufu, akayafunika kwa utando mwembamba wa sufu kiasi cha kuona maandishi bado, akasugua kwa uzani alioujua sasa. Nyuzi huru za pamba zilikamatwa barabara, maana kati ya uzi na uzi palikuwa na njia ya wazi kwa sufu. Katikati ya kipande, ambako kitambaa kilibaki kizima, sufu haikupenya, kwa hiyo kilivimba kidogo kazi iliposinyaa. Pale kilipovimba ndipo aliposhona, vitundu vidogo vya bulibuli vilivyozungushiwa uzi mweupe, kila kitundu kikipita kanga, sufu na shashi.

Mbinu ya kufumua kingo nimekwisha kuiona kwa mafundi wengine wa nuno, wanaoitumia kwa hariri. Kwa kanga sikuwa nimeiona, na sikumfundisha mimi.

Yaliyobadilika darasani

Kozi ya sasa haianzi na sufu. Juma la kwanza lote ni vipimo: kiberiti, chupa, pumzi. Kila mwanafunzi ananitumia picha tatu, nazijibu kabla hajatandaza unyoya mmoja. Wapo wanaoona ninawachelewesha, na wanaosema wamelipa ada ya sanaa wanapewa maabara. Nawaelewa, na sitabadilisha.

Ukaguzi nao haukai tena kwenye kipindi cha moja kwa moja. Kwa felti, kipindi cha moja kwa moja kinasifiwa kupita thamani yake. Kinafaa kwa salamu, kwa kutiana moyo, kwa kuonyesha utandazaji. Kwa kujua kama kazi imeiva, nataka picha nne zilizopigwa kwa utulivu: kazi kavu ikiwa na futi ya fundi pembeni, kazi baada ya kusugua, uso ukibanwa kwa vidole viwili na kuinuliwa, na kazi ikiwa imeshikwa mbele ya dirisha. Ukibana na vinywele vikainuka peke yake, rudi ukasugue. Ukibana na ngozi yote ikainuka pamoja na shashi, viringisha. Mbele ya dirisha, mahali palipo pembamba panajionyesha penyewe, pasipohitaji mwalimu.

Kamera nayo imehama. Bi Mkubwa alipokubali kuwafundisha wenzake vitundu vya kofia, mjukuu wake alishika simu nyuma ya bega lake la kulia badala ya kuisimamisha mbele yake. Wanafunzi wakaona sindano kama inavyoonekana na mwenye kushona, mkono wa kulia ukiwa wa kulia. Dada wa Muscat, aliyekuwa akipambana na mshono ule kwa majuma, alipata kitundu chake cha kwanza kabla kipindi hakijaisha. Sasa hata utandazaji wa sufu naupiga kutoka begani.

Kazi ya Bi Mkubwa ilitoka sentimita 29 kwa 30. Upande mmoja umezidi kwa kuwa hakugeuza sawasawa mara ya mwisho, na alinitaka nisimwambie alinganishe. Jina la kanga linasomeka. Nimemwomba awapokee wanafunzi wapya wa pwani katika kundi lijalo, awasimamie kwenye kipimo cha chupa, na amekubali kwa sharti kwamba vipindi visigongane na swala ya alasiri.

Lililobaki linanikera bado, na ni la upande wa Dar es Salaam. Kondoo wengi wa Tanzania, kama wale wekundu wa Kimaasai, wana nywele fupi zisizofaa felti, na sufu ya kuosha na kuchana haipatikani sokoni. Mwanafunzi wetu wa huko anafanya kazi kwa mabaki aliyopewa na wenzake, vifungu vidogo ndani ya bahasha, na anajipimia kila gramu. Sufu mbichi ni mazao ya mifugo, mpakani inataka karatasi zake. Iliyooshwa na kuchanwa inasafiri kwa urahisi zaidi, lakini gharama ya kuituma kidogo kidogo inazidi bei ya sufu yenyewe. Nazungumza na wafugaji wa Molo na Mau Narok kuhusu kununua kwa pamoja, kilo nyingi kwa mara moja, zioshwe huku na kugawanywa Dar. Bei hatujakubaliana.